Siku 21 za Columbus

Wiki ya mwisho ya Novemba 2024 niliingia kazini usiku nikakuta herufi M zote zimekatwa. Mlango wa choo cha wanaume, ratiba ya zamu ya Jumatatu, tangazo la mkutano wa usalama: kila palipokuwa na M ya Kiingereza palibandikwa vipande viwili vya utepe mwekundu, vimepishana kama mkasi uliofunguliwa. Nilidhani ni utani wa vijana. Kumbe aliyezunguka ghala zima na utepe ni mzee ninayepakia naye malori, mtu wa miaka sitini na kitu, mpole, ambaye sijawahi kumsikia akipandisha sauti hata sanduku likimwangukia mguuni. "Ni juma la Michigan," aliniambia, yaani juma la mechi na chuo cha Michigan, mtani wa jadi wa Ohio State, chuo cha hapa Columbus, katika mpira wa Kimarekani. Chuoni kwenyewe, Ohio State, wanafunzi hufanya hivyo hivyo juma hilo: wanakata M za majengo yote hadi Jumamosi ipite.

Kwenye kabati lake la nguo alikuwa amebandika M moja kubwa ya karatasi, nayo kaikata kwa utepe. Hiyo naomba uikumbuke, nitairudia.

Mimi ni mtoto wa Temeke, Simba damu, na mtu wa Temeke hahitaji kufundishwa maana ya mtani wa jadi. Tena msimu ule tulikuwa kwenye kilio kimoja. Simba ilikuwa imefungwa na Yanga mara nne mfululizo, kuanzia zile tano kwa moja za Novemba 2023 hadi Oktoba 2024. Ohio State walikuwa wamefungwa na Michigan mwaka 2021, 2022 na 2023, na sasa walikuwa wanaelekea mechi ya nne. Mzee aliponieleza hayo tukiwa tumekaa juu ya paleti saa nane usiku, nilimwelewa kuliko alivyotarajia. Nilimwambia kwetu mtu anaweza kuchukua ubingwa akashindwa kuvaa jezi mtaani kwa sababu ya mechi moja. Akaniangalia kwa muda, kisha akasema: basi wewe ni mwenzangu.

Aliyenifundisha mchezo wenyewe, lakini, ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Ni mtoto wa jirani yangu wa ghorofa ya chini, kazaliwa kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kwa wazazi waliotoka Kivu, na alikuja Ohio akiwa darasa la kwanza. Eneo letu, kuanzia Morse Road hadi Cleveland Avenue, limejaa Wasomali, Wakongo, Wahabeshi na Wanepali, na watoto wao wote wanaongea habari za Buckeyes, timu ya Ohio State, kama sisi tulivyokuwa tunaongea habari za Msimbazi. "Anko, wako na nafasi nne," aliniambia siku ya kwanza, vidole vinne hewani. "Nafasi nne kusogea yadi kumi. Wakifika, wanapewa zingine nne. Wasipofika, mpira unaenda kwa wengine." Mengine yote, alisema, utayaelewa ukishaelewa hilo. Ni kweli. Kukimbia na mpira hadi mwisho wa uwanja wa yadi 100 au kuudakia huko ni tachidauni, pointi sita, na teke la nyongeza ni moja. Ukikwama karibu, unaupiga kati ya milingoti, unachukua tatu. Nimeona watu wazima wakishindwa kueleza kwa dakika arobaini jambo ambalo yule mtoto alilimaliza kabla chai haijapoa.

Kwa wasioujua mpira wa vyuo wa huku: hawa ni wanafunzi, lakini uwanja wao, uliojengwa mwaka 1922 kando ya mto Olentangy kwa umbo la kwato la chuma la farasi, unachukua watu zaidi ya laki moja na elfu mbili. Uwanja wa Mkapa unachukua elfu sitini. Jina lao, Buckeyes, ni la mti ambao mbegu yake ya kahawia yenye doa jeupe inafanana na jicho la paa dume. Ukikutana na mtu barabarani akakuitia "O-H!", unajibu "I-O!", na asiyejibu anaonekana hana adabu, kama mtu aliyepigiwa hodi akanyamaza.

Timu ya mwaka ule ilijengwa kwa makusudi. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na mkurugenzi wa michezo wa chuo, Ross Bjork, alisema hadharani kwamba kikosi kiligharimu takriban dola milioni 20. Will Howard, kwotabeki, yaani mrushaji wa mipira, alitoka chuo cha Kansas State. Mkimbiaji Quinshon Judkins alitoka Ole Miss. Caleb Downs, beki wa nyuma mwenye macho ya mwewe, alitoka Alabama kocha Nick Saban alipostaafu. Na kulikuwa na kijana mgeni kutoka Florida, Jeremiah Smith, jezi namba 4, ambaye alidaka mipira kama mtu anayechuma maembe ya mti wa kwao.

Watu wengi wameishia hapo: fedha zilinunua timu. Mimi nadhani wamekosea, na nitasema kwa nini. Uti wa mgongo wa kikosi kile ulikuwa wale waliokuwepo tayari. Jack Sawyer, JT Tuimoloau, Emeka Egbuka, TreVeyon Henderson, Donovan Jackson, Denzel Burke, Lathan Ransom: hawa wangeweza kwenda kutafuta ajira kwenye ligi ya kulipwa, NFL, mapema mwaka 2024. Wakakaa. Walikuwa hawajawahi kuifunga Michigan hata mara moja, na walitaka kuondoka wameifunga. Sawyer ni mtoto wa Pickerington, mji ulio kando ya Columbus. Mzee wangu anaongea habari zake kama anaongea habari za mpwa wake.

Mechi za mwanzo zilikuwa za kunyoosha viungo. Akron 52 kwa 6, Western Michigan 56 kwa 0, Marshall 49 kwa 14, kisha Michigan State na Iowa nao wakalambwa. Tarehe 12 Oktoba wakasafiri hadi Oregon, magharibi ya mbali, wakapoteza kwa pointi moja: 32 kwa 31. Sekunde za mwisho Howard alikimbia na mpira, akateleza chini ili asimamishe mchezo, na alipogusa nyasi saa ilikuwa imeisha. Siku hiyo hiyo Josh Simmons, anayelinda upande wa kushoto wa kwotabeki, aliumia na msimu wake ukaishia hapo. Wiki mbili baadaye waliiponyoka Nebraska 21 kwa 17 nyumbani, ukuta ukiwa unavuja waziwazi. Ndipo Donovan Jackson, aliyekuwa anacheza nafasi ya ndani, akaombwa ahamie pembeni, mahali pagumu kuliko pake, katikati ya msimu. Akahama. Watu hawaimbi nyimbo za mtu kama huyo, lakini bila yeye sina cha kuandika leo.

Naomba nikae kidogo kwenye mechi ya Penn State, Novemba 2. Ohio State walikuwa mbele 20 kwa 13, ugenini, dakika za mwisho mwisho, na Penn State wakafika yadi tatu kutoka mstarini. Wana nafasi nne. Mara ya kwanza wakakimbia katikati, wakazuiwa. Ya pili, wakazuiwa. Ya tatu, wakazuiwa, mpira uko yadi moja hivi kutoka mstari. Mtoto wa jirani alikuwa amesimama mbele ya televisheni yao, mikono kichwani, na mama yake anamwambia kaa chini, kaa chini. Ya nne wakarusha, mpira ukaanguka. Kisha Ohio State wakachukua mpira wakiwa wamebanwa mgongo ukutani, na dakika zote tano zilizobaki wakakimbia nao hatua kwa hatua mpaka saa ikaisha. Hawakurudisha mpira kwa wenyeji. Nilielewa siku ile kwamba huu mchezo, wenye vishindo vyote hivi, ni mchezo wa kumnyima mwenzako muda.

Wakaifunga Purdue, wakaifunga Northwestern, wakaifunga Indiana iliyokuwa haijafungwa na mtu, 38 kwa 15. Halafu ikaja Novemba 30.

Michigan ya mwaka ule haikuwa Michigan. Walikuwa mabingwa wa taifa wa mwaka uliotangulia, lakini kocha wao na kwotabeki wao walikuwa wameshaondoka, wameshinda sita na kufungwa tano, na nyota wao wawili wakubwa hawakucheza siku hiyo. Wacheza kamari waliipa Ohio State ushindi wa pointi ishirini hivi. Mzee alinikaribisha kwake. Ilikuwa siku ya pili baada ya sikukuu ya shukrani, na mkewe alikuwa anatengeneza mikate ya bata mzinga aliyebaki. Mzee alivaa jaketi la marehemu baba yake, la sufi ya kijivu, mikono yake imelika kwenye vifundo. Mechi ilianza saa sita mchana. Nje kulikuwa na jua la uongo, lile la nyuzi chini ya sifuri.

Sitaki kuisimulia yote. Kufikia mapumziko ilikuwa 10 kwa 10, na kipindi cha pili chote Ohio State hawakupata hata pointi moja. Walikuwa na Smith, Egbuka na Carnell Tate pembeni, wadakaji watatu ambao timu yoyote ingewalilia, na bado wakaendelea kupeleka mpira katikati, palepale Michigan walipoweka majabali yao mawili, Mason Graham na Kenneth Grant. Wakazuiwa, wakarudi palepale. Mpigaji wao wa mateke akakosa mara mbili. Howard akanyang'anywa mipira miwili hewani. Nadhani ilikuwa kiburi cha kutaka kuonyesha kwamba nasi tuna misuli, kwa sababu miaka mitatu Michigan walikuwa wanawaita walaini. Michigan wenyewe hawakurusha hata yadi mia moja mechi nzima. Sekunde 45 kabla ya mwisho wakapiga teke la yadi 21, ikawa 13 kwa 10.

Mzee hakusema kitu. Alivua jaketi la baba yake, akalikunja mara mbili juu ya magoti kama mtu anavyokunja shuka la mgonjwa, akakaa nalo. Kwenye skrini wachezaji wa Michigan walikuwa wanataka kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, juu ya ile O kubwa, na Sawyer akawafikia, akainyofoa, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili. Ligi ya Big Ten baadaye ilitoza kila chuo dola 100,000. Sauti ya televisheni ilikuwa imezimwa. Mkewe alitoka jikoni na sahani, akaona sura, akarudi nazo.

Ndipo zikaanza siku 21.

Ni lazima nieleze jambo moja la utaratibu, kwa sababu ndilo lililobeba kila kitu. Tangu msimu wa 2014 hadi wa 2023 timu nne tu ndizo zilizoingia kwenye mchujo wa ubingwa wa taifa. Kwa mizani hiyo, timu iliyofungwa mara mbili, ya pili ikiwa hapa Columbus mbele ya Michigan dhaifu, msimu wake ungeishia palepale kwenye kochi la mzee. Lakini 2024 ulikuwa mwaka wa kwanza wa timu kumi na mbili. Ohio State wakapewa nafasi ya nane. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza watu wa Columbus walizika maiti, kisha wakaambiwa marehemu ana mechi tarehe 21 Desemba.

Hawakujua wafanye nini na habari hiyo. Nilisikia kwenye basi, kwa kinyozi, kwenye foleni ya duka la dawa: kocha Ryan Day afukuzwe. Alikuwa ameshinda karibu kila mechi katika maisha yake ya Columbus, lakini kwa Michigan alikuwa na ushindi mmoja, wa 2019, na vipigo vinne. Maneno yalivuka mpaka. Huyu ni mtu ambaye baba yake alijiua yeye akiwa mtoto mdogo, na ambaye pamoja na mkewe wametoa fedha kwa ajili ya huduma ya afya ya akili ya watoto hapa hapa Columbus. Hilo watu walilijua, na bado waliandika waliyoyaandika. Iliniuma. Nimeona Simba na Yanga zikifukuza makocha kwa sare, na sisemi kwetu tuna huruma zaidi. Nasema tu kwamba iliniuma. Bjork alitoka hadharani kusema kocha anabaki. Na ndani ya jengo lao wachezaji na makocha walikaa kikao wakaambiana ukweli.

Mzee yeye alikuwa kimya kazini kwa karibu wiki mbili. Tepe zote za ghala zilibanduliwa na wasimamizi, isipokuwa ile ya kabati lake. Usiku mmoja, katikati ya lori la kumi au la kumi na moja, akaniambia kaka yake ana tiketi tatu za mechi ya Tennessee na ameapa hatakanyaga uwanja. Wengi waliuza zao. Akaniuliza kama yule mtoto ninayemtaja kila siku amewahi kuingia.

Hajawahi.

Tukaenda watatu. Mechi ilianza saa mbili usiku, baridi ya nyuzi nne chini ya sifuri. Mzee alikuja na vipande vitatu vya boksi alivyovikata ghalani, kimoja kwa kila mtu. Sikuelewa mpaka tulipofika juu kabisa ya uwanja na akaviweka chini ya miguu yetu: zege linanyonya joto kupitia soli ya kiatu, boksi linazuia. Baada ya dakika ishirini nilikisogeza changu pembeni nione tofauti, nikakirudisha haraka. Mtoto alikuwa amevaa soksi za mama yake juu ya zake, na pumzi yake ilitoka kama moshi wa jiko la mkaa. Chini yetu, upande mzima, rangi ya chungwa ya Tennessee. Maelfu yao, nyumbani kwetu. Mzee aliwaangalia kwa muda mrefu. "Hao ndio waliokaa kwenye viti vyetu," alisema, na nilijua anamsema kaka yake.

Halafu timu ikaingia na mpira wa kwanza kabisa ikarusha. Ikarusha tena. Ile mipira ambayo haikwenda kwa Smith siku ya Michigan sasa ilikwenda kwake, na safari ya kwanza tu ikaishia kwa tachidauni ya yadi 37 mikononi mwake. Robo ya kwanza haijaisha ni 21 kwa 0. Sikuwa na habari kwamba uwanja wa watu laki moja unaweza kutetemeka kama daraja la treni. Nilihisi kupitia boksi. Mtoto alisahau baridi, alisahau Kiingereza, akawa anapiga kelele kwa Kiswahili cha nyumbani, "Kimbia baba! Kimbia!", na mzee, asiyejua neno hata moja, akawa anaitikia "Kimbia!" Ilikwisha 42 kwa 17. Wakati wa wimbo wa chuo watu wanawekeana mikono mabegani na kuyumba pamoja. Mzee aliweka wake kwa mtoto. Alikuwa analia.

Yaliyofuata dunia nzima iliyaona. Januari mosi 2025, robo fainali, uwanja wa Rose Bowl, wakakutana tena na Oregon, ambayo haikuwa imefungwa na mtu mwaka mzima. Kabla ya mapumziko ilikuwa 34 kwa 0. Narudia kwa sababu mwenyewe nililazimika kuuliza mara mbili: 34 kwa 0, dhidi ya namba moja. Iliisha 41 kwa 21, Smith yadi 187. Timu nne zilizopewa pumziko la raundi ya kwanza kama zawadi ya ubingwa wa ligi zao zote zilitolewa kwenye mechi zao za kwanza. Naamini kupumzika hakukuwasaidia. Waliokuja na jeraha bichi walikuja na njaa.

Nusu fainali, Januari 10, Texas. Hii ilikuwa ngumu. Ohio State mbele 21 kwa 14, na Texas wakafika yadi moja kutoka mstarini, dakika chache zimebaki. Ilikuwa Penn State tena, nafasi nne na mstari mgongoni. Lakini kwenye nafasi ya pili Texas waliutupa mpira pembeni badala ya kwenda mbele, mkimbiaji akaangushwa yadi saba nyuma. Ya nne wakiwa yadi nane, Quinn Ewers akarudi nyuma kurusha. Ewers alianzia Ohio State mwaka 2021, na aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja ni Jack Sawyer. Sawyer alimzunguka mlinzi wake, akamfikia mwenzake wa zamani, mpira ukadondoka, Sawyer akauokota, akakimbia. Yadi 83. Mtu mkubwa hivyo, mwisho wa mechi, miguu imekwisha, anakimbia uwanja mzima na hakuna wa kumshika. Nilikuwa zamu. Tuliangalia kwenye simu ya mzee iliyoegemezwa kwenye roli la plastiki, na alipofika yadi ya ishirini mzee alisema taratibu, kama anaongea na farasi: nenda, nenda, nenda nyumbani.

Kwa hiyo wanaposema fedha zilishinda, nawauliza: zile milioni 20 hazikuwepo uwanjani Novemba 30? Zilikuwepo zote. Smith alikuwepo, Howard alikuwepo, Downs alikuwepo. Kilichobadilika katika siku 21 ni kwamba makocha waliacha kuthibitisha ubabe wakacheza mchezo walionao, na wale wakubwa waliorudi kwa ajili ya Michigan, wakaikosa, walikataa kuondoka mikono mitupu.

Fainali ilikuwa Atlanta, Januari 20, dhidi ya Notre Dame. Nilibadilishana zamu na nikaenda kuangalia kwa jirani. Mama wa mtoto alipika ugali na sombe, na mtoto alikuwa amejipaka rangi mashavuni kwa lipstiki ya dada yake. Notre Dame walianza kwa safari ndefu ya kutisha, mapigo 18, wakafunga. Kisha Ohio State wakafunga pointi 31 bila kujibiwa. Howard alipatia mipira yake 13 ya kwanza yote. Tukadhani imekwisha, mama akaenda kuosha vyombo. Notre Dame wakarudi: 31 kwa 15, 31 kwa 23, dakika chache zimebaki na Ohio State wamekwama, nafasi ya tatu, yadi 11. Kila mtu duniani alijua sasa watakimbia wapoteze muda. Day akaamuru warushe. Howard akautupa mbali, Smith peke yake na beki mmoja, akaruka, akaudaka. Yadi 56. Yule kocha ambaye Novemba 30 alikuwa anapeleka mpira kwenye ukuta ndiye aliyeamuru mpira ule. Sekunde 26 kabla ya mwisho mpigaji yuleyule aliyekosa mbele ya Michigan akaupitisha katikati ya milingoti. 34 kwa 23.

Barabarani magari yakaanza kupiga honi, Morse Road nzima. Mtoto alifungua mlango wa baraza akatoka bila koti, akaita "O-H!", na kutoka ghorofa za jirani zikajibu sauti za Kisomali, za Kinepali, za Kikongo: "I-O!" Wakati huohuo simu ya mama yake ikalia. Kigoma kulikuwa kumekucha. Ni mdogo wake, aliyebaki Nyarugusu na watoto watatu, faili lake likiwa limefika hatua za mwisho. Jioni ile rais mpya, siku ya kwanza ofisini, alikuwa ametia saini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. "Tumesikia wamefunga njia," nilisikia sauti ya kule ikisema. "Dada, ni kweli?" Mama alituangalia, akaingia jikoni na simu, akavuta mlango. Mtoto alikuwa bado anaita nje. Nilibaki katikati ya sebule na sahani ya ugali mkononi.

Jumatano, tarehe 22, nilirudi zamu. Nilidhani nitamkuta mzee na kofia mpya ya ubingwa. Alikuwa na kofia yake ya siku zote. Tulipeana mikono, akanishika kwa yote miwili, akaniuliza habari za mtoto, nikamwambia, na nikamwambia pia habari za mama yake mdogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuwa na la kusema na hakujifanya kuwa nalo. Akaniambia nimwambie mtoto kwamba kile kipande chake cha boksi amekitunza.

Nilimwuliza kuhusu M ya kabatini, kama sasa ataibandua. Pembe moja ya utepe ilikuwa imejikunja kwa joto la bomba linalopita nyuma ya makabati. Aliibonyeza kwa kidole gumba, akaishikilia mpaka ikashika. Kisha akachukua kalamu ya kuandikia masanduku, na chini ya ile karatasi akaandika 311, siku zilizobaki kufika Michigan.